Meno ya Mwenzetu



Juma hili tunataka kuzungumza juu ya meno, na juu ya kosa letu sisi wenyewe.

Katika kundi letu yuko mama mmoja ambaye, tangu tumfahamu, alikuwa akicheka mkono uko mdomoni. Alikulia chini ya mlima Nyiragongo, na meno yake yana madoa ya rangi ya kahawa. Wengi wetu tulifikiri hasugui meno. Hakuna aliyemuuliza.

Binti yake alipochumbiwa, mama huyo alianza kuogopa picha za harusi. Sisi tukampa mashauri ya haraka: sugua na makala yaliyosagwa, ongeza ndimu na bikarbonati. Alifanya hivyo majuma matatu, madoa yakabaki. Zamu yake ya likelemba ilipofika, alichukua pesa akaenda kung'arishwa meno mjini. Walimpaka dawa, wakapokea pesa. Hawakutazama kama ana jino lililotoboka.

Siku ya mkutano tulimpa maji ya baridi. Alikunywa kidogo tu, akashika shavu, machozi yakamtoka. Mmoja wetu akasema, «Ndiyo malipo ya kutaka urembo,» na sisi wengine tukacheka. Mkutano uliofuata hakuja, na ule mwingine pia hakuja.

Tulikwenda kwake watu wanne. Tulimkuta anangoja uji upoe, maana moto na baridi vyote vilimuuma. Tuliomba radhi, kisha tukamsindikiza kwa munganga mwingine wa meno.

Huyo alitufundisha mengi. Kwanza, madoa yale si uchafu. Katika nchi ya volkano maji huweza kuwa na floridi nyingi. Floridi kidogo hukaza meno, lakini mtoto akinywa nyingi wakati meno yanaumbika ndani ya fizi, yanatoka na madoa ambayo mswaki hauyaondoi.

Pili, dawa ya kung'arisha ina peroksidi. Inapenya ganda gumu la jino mpaka sehemu ya ndani, yenye vijitundu vidogo sana vinavyoelekea kwenye mshipa wa fahamu. Ndiyo sababu watu wengi husikia baridi inawachoma, na kwa kawaida hali hiyo hupita baada ya siku chache. Lakini mwenzetu alikuwa na jino lililotoboka, na ndimu na makala yetu yalikuwa yamekwisha kula ganda la meno yake. Hapo tuliinamisha vichwa.

Munganga aliziba jino lile, akampa dawa ya meno yenye nitrati ya potasiamu, ambayo hutuliza maumivu pole pole, na mswaki laini. Alimkataza ndimu, na alimwambia asing'arishe tena kwa sasa.

Basi, mama, ukitaka kung'arisha meno, mwombe munganga atazame kwanza meno na fizi, na azibe yaliyotoboka. Mwambie kama meno yako husikia baridi, ili atumie dawa isiyo kali na aache siku za kupumzika katikati. Fizi zikingwe, dawa isiziguse. Mwenye mimba na anayenyonyesha wangoje. Ujue pia kwamba jino la bandia na mahali palipozibwa havibadiliki rangi, na madoa ya floridi mara nyingi hupungua tu, hayaishi. Maumivu yakiendelea, rudi kwa munganga, usivumilie nyumbani.

Harusi ilifanyika. Mwenzetu alikunywa soda pamoja nasi, akacheza mpaka usiku. Katika picha madoa bado yanaonekana kidogo, lakini mkono hauko mdomoni.

Na sisi tumejifunza kuuliza kabla ya kutoa shauri. Mwenzako akishika shavu, usimcheke. Muulize anaumwa wapi.