Busibwabo na Kuku Wake

Msafiri atokaye Kisumu kwa barabara kuu iendayo Uganda hupita Maseno, Luanda, Yala, Ugunja na Bumala, kisha huingia katika nchi ya Wakhayo, ambao ni mojawapo ya makabila ya Waluhya. Mwisho wa barabara hiyo upande wa Kenya ni mji wa Busia. Hapo ataona malori yamepangana kungoja forodha, wabadili fedha na mikoba yao, wanawake wenye vikapu vya samaki, na vijana wa boda-boda wakigombania abiria. Yasemekana kwamba hata jina la boda-boda lilizaliwa mpakani huku, wakati waendesha baisikeli walipokuwa wakiwaita watu wawavushe kutoka kituo cha Kenya hadi kituo cha Uganda.

Mtu akiziacha kelele za mji, akashika njia za mashambani katika sehemu ya Matayos, hufika Busibwabo. Watu wa huko hulima mahindi, mihogo, mtama, wimbi, viazi vitamu na miwa. Mwenye nacho ana ng'ombe wawili watatu. Asiye nacho pengine hana hata mbuzi. Lakini ni vigumu kuliona boma lisilo na kuku. Nao si kuku wa kufungiwa katika mabanda ya waya, bali ni kuku wa kienyeji, ambao hutoka asubuhi kujitafutia chakula na kurudi jioni. Huvuka ua wa jirani bila hodi, hula katika uwanja wake, na wakati mwingine hutaga katika kichaka chake. Kwa hiyo kuku wa boma moja, kwa kweli, ni kuku wa kijiji kizima.

Kazi ya kuku huanza kabla ya jua. Katika maboma mengi kuku hulala jikoni kwa kuogopa wezi na kicheche. Bibi mwenye nyumba hufungua mlango, akasimama pembeni, akawahesabu mmoja mmoja wanapotoka, kama karani ahesabuvyo fedha za sanduku kila asubuhi. Ikipungua hesabu, hapana chai mpaka aliyepotea ajulikane alikokwenda. Kisha hufagia mavi yao na kuyapeleka katika bustani ya sukuma wiki, maana mboga huyapenda sana. Maji huwekwa katika kigae cha chungu au katika kipande cha mtungi wa plastiki, na punje chache za mahindi au mtama hutupwa uwanjani, si kwa kuwashibisha bali kwa kuwafundisha kwamba hapo ndipo kwao.

Watoto nao wana sehemu yao. Jioni huchukua chungu kikuukuu, wakakijaza mabua makavu na kinyesi cha ng'ombe kilicholowa maji, wakakifudikiza juu ya tundu la mchwa. Alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, hukiinua na kukikuta kimejaa mchwa. Hicho ndicho chakula bora cha vifaranga, wala hakinunuliwi dukani. Mchana, siku zisizo za shule, kazi yao ni kutazama juu. Kivuli cha mwewe kikipita uwanjani, kelele zake husikika mpaka boma la tatu.

Mtetea akimaliza kutaga mayai yake kumi au kumi na matano, bibi huyachagua, akayatia alama ya mkaa ili yasichanganyike na mayai mapya, kisha humwatamisha usiku katika kona yenye giza. Zapita siku 21, na vifaranga hutoka. Hapo ndipo hesabu huanza kuwa chungu, kwa maana baridi, mvua, mwewe na maradhi yote huvitaka vifaranga hivyo. Si ajabu nusu yao wasifike miezi miwili. Anayefikisha sita katika kumi huhesabiwa hodari.

Je, shida yote hiyo ni ya nini? Jibu hupatikana mgeni akifika. Kwa Mluhya, mgeni wa heshima aliyeondoka bila kuchinjiwa kuku hakukaribishwa bado. Nyama yenyewe ina sheria zake: firigisi ni ya baba mwenye boma, au ya mgeni ambaye baba amependa kumheshimu. Zamani wanawake, ambao ndio waliowalea kuku hao tangu yai, hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Desturi hiyo imelegea sana, na leo mama na binti zake hula pamoja na wengine. Lakini jambo moja halikubadilika: mikono inayowatunza kuku bado ni ya akina mama, na fedha ya kuku mara nyingi ndiyo fedha ya pekee ambayo mama hushika bila kumwomba mtu. Chumvi, sabuni, daftari la mtoto, nauli ya kwenda hospitali: yote hayo hutoka chini ya mabawa.

Soko nalo li karibu. Wachuuzi hupita maboma kwa baisikeli na pikipiki, wakinunua mmoja hapa, wawili pale. Kuku hutiwa katika matenga, matenga hupakiwa juu ya magari ya usiku, na baada ya kilometa zaidi ya 400 kuku wa Busia huwika katika masoko ya Nairobi.

Lakini kuku ana adui mmoja mkubwa kuliko mwewe na kicheche, naye ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Wataalamu hukiita ugonjwa wa Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ambako ulitambuliwa mwaka 1926. Katika Kenya ulionekana Mombasa mwaka 1935, na tangu hapo umetembea nchi nzima. Kuku huinama, mabawa hulegea, hupumua kwa shida, huharisha maji ya kijani, na wengine hupinda shingo kama watazamao mbinguni. Hakuna dawa ya kumponya. Kundi lisilochanjwa laweza kwisha karibu lote kwa siku chache.

Jambo lililotokea katika boma la bibi mmoja wa Busibwabo si geni kwa wafugaji wa mpakani. Bibi huyo alikuwa na kuku 17, na mjukuu wake alikuwa akidaiwa karo shuleni. Siku ya soko alimwona mtetea mzuri akiuzwa kwa bei ndogo kuliko kawaida. Akafurahi, akamnunua, akamfikisha nyumbani na kumwachia uwanjani jioni ile ile. Siku ya nne mtetea yule hakutoka jikoni. Siku ya saba kuku wanne wa bibi walikuwa wamekufa, na wengine wawili wameinama.

Asubuhi hiyo mchuuzi akafika na tenga lake.

"Mulembe, Kukhu," alisalimu. "Leo una kuku wangapi wa kuniuzia?"

"Mulembe, mwanangu," bibi alijibu. "Kuku wapo, lakini maradhi yameingia hapa."

Mchuuzi alitazama uwanjani, akaona wale ambao bado walikuwa wakiparura.

"Hao mbona wazima, Kukhu? Nipe wote sasa hivi. Kesho asubuhi watakuwa Nairobi, na watachinjwa kabla ya adhuhuri. Nani atajua? Ukingoja mpaka Ijumaa utawazika, na karo ya mtoto utaitoa wapi?"

Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni na daftari zake mkononi, akimtazama nyanya yake. Maneno ya mchuuzi hayakuwa ya kipumbavu. Kila mfugaji wa Busibwabo ayajua, na wengi wameyafuata. Lakini bibi alikuwa amekwisha kumkumbuka yule mtetea wa bei ndogo. Naye alitoka katika boma la mtu, naye aliuzwa na mama mwenye shida, ambaye alijisemea moyoni, "Nani atajua?"

"Aliyeniuzia mimi alisema hivyo hivyo," bibi akasema. "Nenda salama, mwanangu. Na tenga lako usilitue katika boma jingine leo kabla hujalisafisha."

Kwa neno hilo alipoteza fedha yake. Mpaka mwisho wa wiki ya pili kuku wake 14 wa zamani walikuwa wamekufa, wakabaki watatu. Aliwafukia wafu katika shimo refu wala hakuwatupa vichakani ambako mbwa wangewafukua. Jikoni alipasafisha, akapaacha muda mrefu bila kuleta kuku mgeni. Aliwatumia majirani habari ili wawafungie kuku wao, ingawa kutangaza maradhi ya boma lako ni aibu kwa watu wengi. Karo ikalipwa kidogo kidogo, baada ya yeye mwenyewe kwenda kwa mwalimu mkuu na kumweleza mambo yalivyokuwa. Maboma mawili ya jirani yalipata hasara, mengine yakaokoka.

Wazee wa Kiswahili walisema kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hiyo hutumiwa kwa watu, lakini mfugaji na aichukue kama ilivyo. Zamani kuku aliyenunuliwa au aliyetolewa zawadi na wakwe alifungwa kamba siku mbili tatu ili apajue nyumbani. Kamba ya siku mbili haitoshi, maana maradhi huweza kujificha ndani ya kuku kwa siku nyingi kabla ya kuonekana. Kuku mgeni na akae mbali na wenziwe kwa muda wa wiki mbili, kwa maji yake na chakula chake, na anayemhudumia aanze kwa kuku wa nyumbani, kisha amalizie kwake, na kunawa mikono. Kufanya hivyo si kumdharau mkwe aliyemtoa.

Kinga kuu ni chanjo. Ipo chanjo iitwayo I-2, iliyotengenezwa na wataalamu wa Australia kwa ajili ya nchi za joto, ambayo huvumilia hali za vijijini kuliko chanjo nyingine. Hutiwa tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Haimponyi aliyekwisha kuugua, humlinda mzima. Isianikwe juani, na chupa ikisha kufunguliwa haikai sana. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa mara nyingi chupa moja hutosha kuku 100 au zaidi, na bibi mwenye kuku kumi hawezi kununua dawa ya mia moja ili amwage tisini. Tena, afanyeje kuku wake wakichanjwa na wa jirani wasichanjwe, hali vifaranga wapya huanguliwa kila mwezi na wote hula uwanja mmoja?

Majirani wa bibi yule waliliona jambo hilo baada ya hasara yao. Maboma saba yalichanga fedha kidogo kidogo, Bwana Mifugo akawaelekeza, na chupa moja ikanunuliwa. Walianza alfajiri, kuku wakiwa bado ndani: watoto wakashika, mama mmoja akatia tone, mwingine akaandika hesabu katika daftari la shule. Mzee mmoja alikataa, akisema kwamba kuku wa baba yake hawakutiwa dawa machoni. Hawakubishana naye. Walipofika mlangoni pake mkewe alikuwa amekwisha kuwakamata kuku wote na kuwatia chini ya tenga, na mzee akaona heri aende kutazama mihogo yake.

Kwa watu wa mpakani jambo hili lina uzito wa pili. Mpaka wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 nchi hii ilihesabiwa upande wa Uganda, na mpaka wa leo umewagawa Wasamia na Wateso, kila kabila likiwa na ndugu zake ng'ambo. Ndugu hutembeleana, na aendaye kwa ndugu hurudi na kuku kwapani. Mwezi wa Januari 2017 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuku na mayai kutoka Uganda kwa sababu ya homa ya mafua ya ndege iliyotokea huko. Amri kama hiyo huweza kulizuia lori penye kituo cha forodha. Lakini mpaka una njia nyingi za miguu, na penye njia ya miguu askari wa mwisho ni mtu mwenyewe aliyemshika kuku.

Jioni, jua linapoelekea Uganda, kuku wa Busibwabo hurudi mmoja mmoja. Bibi yule sasa ana kuku 11, wote watoto na wajukuu wa mitetea miwili kati ya wale watatu waliobaki. Husimama tena pembeni mwa mlango akiwahesabu wanapoingia, na mjukuu wake huandika. Mgeni akiletwa kutoka sokoni, hutengwa penye kibanda chake nyuma ya ghala, na kamba yake mguuni, mpaka wiki mbili zitimie.