Mlima wa kwenye kitabu

Najua nimeadimika. TP imeisha, nimerudi zangu Mlimani, mfukoni hali tete, bumu bado. Ila kuna kitu lazima niwasimulie.

Nilipangiwa shule moja ya kata maeneo ya Mlali, Morogoro. Jiografia, kidato cha kwanza. Siku msimamizi alipotoka chuo na kukaa nyuma ya darasa na makaratasi yake, mada ilikuwa mvua ya milimani. Hiyo nilikuwa naijua kama jina langu. Unachora mlima, bahari kushoto, mishale inapanda, wingu, mvua, halafu upande wa pili unaandika pakavu. Tangu nasoma sekondari nimeichora kwenye mitihani na vema napata. Nikachora fasta, mkono unatetemeka kidogo.

Kabinti ka mbele kakanyoosha mkono.

"Mwalimu, bahari si iko huku, Dar?" Kanaonyesha dirishani, mashariki. "Na huo mlima unaitwaje?"

Jamani! Mlima wenyewe ulikuwa hapo dirishani. Uluguru, kilele chake kinapita mita 2,600, na mimi namchorea mtoto mlima wa kwenye kitabu. Miaka yote nilikariri, sikuwahi hata kujiuliza ule ni mlima gani.

Kabla sijajibu, dogo mmoja wa nyuma akadakia: "Mwalimu, kwa bibi Kinole mvua inanyesha hata mwezi wa nane. Migomba kibao. Huku kwetu vumbi tu. Kwa nini?"

Basi bwana, nikafuta ubao. Nikachora bahari kulia, nikaandika Dar, katikati Uluguru, Kinole huku, Mlali kule. Kusi inavuma kutoka baharini imebeba unyevu, inagonga mlima, inalazimika kupanda. Hewa ikipanda inatanuka, ikitanuka inapoa, mvuke unageuka matone, Kinole inalowa. Ikivuka huku kwetu inashuka, inajibana, inapata joto, mawingu yanatoweka. Dogo akasema, "Kumbe bibi anatumalizia mvua!" Darasa zima kicheko, na mimi nikacheka. Kengele ikagonga, aina mbili za mvua zilizobaki sijazigusa.

Msimamizi aliniita pembeni. "Kijana, umetoka nje ya andalio la somo." Maksi zikakatwa pale pale. Iliniuma, siwafichi, GPA yangu mnaijua. Na kwa sheria zao alikuwa sahihi. Lakini kesho yake yule dogo alikuja na mchoro wake mwenyewe, kaweka hadi nyumba ya bibi.

Jana nafua hapa hosteli nikakumbuka kwamba maji mengi ya Dar yanatoka mto Ruvu, na Ruvu unaanzia Uluguru. Nikaanza kumweleza rumeti mambo ya kusi. Akaniangalia tu.

"Mwalimu, funga bomba, ndoo imejaa."