Kongwa: Nchi ya Karanga, Vumbi na Kope Zilizopinda

Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, baada ya kuipita Gairo na milima yake utaona nchi inabadilika rangi. Kijani cha Morogoro kinabaki nyuma, udongo unakuwa mwekundu, miti inapungua kimo na kuzidi miiba, na hapa na pale mbuyu umesimama peke yake kama mzee aliyekataa kuhama. Utapita Pandambili, utapita Kibaigwa yenye soko la mahindi linalojulikana hata nje ya mipaka yetu, na ukifika Mbande utaiona barabara inayochepuka kushoto. Ifuate hiyo. Itakufikisha Kongwa mjini, na ukiendelea nayo itakupeleka Mpwapwa.

Wengi wetu tunalijua jina la Kongwa kutokana na vitabu vya historia. Hapa ndipo Waingereza walipokuja mwaka 1947, nchi yao ikiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, wakadhani kwamba pori la Ugogo litageuka shamba la karanga kwa amri na matrekta. Walileta mitambo ya kila namna, vikiwamo vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matinga, wakafunga minyororo ya nanga za meli kati ya tinga na tinga ili kuing'oa miti. Kichaka kilikataa. Mizizi ilivunja majembe, mvua ikawa haba, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu ya saruji. Mwezi wa Januari 1951 mpango ulitangazwa kuwa umekufa, nao ulikuwa umemeza karibu pauni milioni 36. Wenyeji, ambao walikuwa wakilima karanga zao kidogo kidogo kwa jembe la mkono kabla ya mitambo kuja, wanaendelea kuzilima mpaka leo.

Baadaye, katika miaka ya 1960, Kongwa ilipokea wageni wa namna nyingine: wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na MPLA, waliokuwa na kambi zao hapa. Habari zao zinastahili makala peke yake, nasi leo hatutazigusa. Nimekuita Kongwa kwa jambo dogo kuliko hayo yote, dogo kwa kipimo hasa, kwa maana urefu wake haufiki hata upana wa kidole. Nimekuita tuzungumze habari za nywele.

Usicheke. Ndani ya basi, nyuma ya kiti changu, walikaa vijana wawili wa makamo wenye kazi zao nzuri mjini, na tangu Chalinze mpaka Dumila hawakuwa na hadithi nyingine ila upara. Mmoja wao paji lake lilikuwa limeanza kupanda kuelekea utosini, naye alikuwa akihesabu gharama za kwenda Istanbul, Uturuki, kupandikizwa nywele. Mwenzake alimwuliza maswali mawili tu, akayarudia kwa maneno mbalimbali: utapona baada ya siku ngapi, na je, utaonekana mtu wa kawaida au utaonekana kama umevaa kofia?

Ni maswali ya haki, na yana majibu. Kazi hiyo si mpya. Mjapani Okuda aliandika mwaka 1939 jinsi alivyohamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele na kuwapandikiza watu walioungua, kichwani, kwenye nyusi na hata kwenye masharubu. Naye Norman Orentreich wa New York alianza mwaka 1952 kuwatibu wenye upara, akaonyesha kwamba nywele iliyotolewa kisogoni hubaki na tabia ya kisogo hata ikihamishiwa mbele. Ndiyo sababu haidondoki kama jirani zake. Baada ya kupandikizwa, magaga madogo hukauka na kutoka kwa muda wa siku kumi hivi. Kisha huja kipindi kinachowatia watu hofu: kati ya wiki ya pili na ya nane nywele zile mpya hudondoka karibu zote, na mgonjwa hudhani ameibiwa. Hakuibiwa. Shina limo ndani ya ngozi limepumzika, nalo huanza kuchipua mwezi wa tatu au wa nne, na matokeo kamili huonekana baada ya mwaka mzima. Ama kuhusu mstari wa mbele, fundi mwema hauchori kwa rula. Huupinda kidogo, huuvunja hapa na pale, huweka mbele kabisa nywele mojamoja na nyuma yake zilizo nzito zaidi, tena hauteremshi chini kama wa mvulana wa miaka kumi na minane, kwa sababu mwenye paji hilo atafika miaka sitini akiwa nalo. Kwa nywele zetu za kipilipili kuna shida ya ziada: hata shina lake limepinda chini ya ngozi, na asiyezoea kulichimbua hulikata. Isitoshe, mwenye ngozi inayoota makovu ya kuvimba aulize mara mbili kabla ya kulipa mara moja.

Wale vijana waliendelea na safari yao ya Dodoma. Mimi niliteremka Mbande, na maswali yao yakateremka pamoja nami, maana niliyakuta tena Kongwa yakiulizwa na akina mama wazee ambao hawajapata kuisikia Istanbul.

Kongwa, msomaji, ina jina kubwa miongoni mwa mabingwa wa macho duniani. Sababu yake ni ugonjwa wa trakoma, ambao wengine huuita vikope. Ni ugonjwa wa kuambukiza unaoletwa na kijidudu kinachokaa ndani ya kope. Hupita kutoka kwa mtoto kwenda kwa mtoto kwa vidole, kwa kitambaa cha pamoja, kwa upindo wa khanga ya mama anayepangusa uso wa huyu kisha wa yule, na kwa nzi wanaokunywa matongo. Ukiona nchi yenye mvua ya msimu mmoja, visima vilivyo mbali, vumbi na mifugo karibu na nyumba, umeiona nchi inayoupenda. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa hapa nchini pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walipopima watoto wadogo katika vijiji vya Kongwa, waliwakuta zaidi ya nusu yao wakiwa nao.

Kuugua mara moja hakupofushi. Mtoto huambukizwa, akapona, akaambukizwa tena, na kila mara kovu jembamba hubaki upande wa ndani wa kope ya juu. Makovu hukaza kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Mwaka baada ya mwaka hulivuta pindo la kope kuelekea ndani, mpaka siku moja, mtu akiwa na miaka thelathini au arobaini au sitini, zile nywele za kope ambazo Mungu alizielekeza nje zilinde jicho zinageuka na kulielekea. Kila anapopepesa zinakwaruza kile kioo cha mbele kinachofunika mboni. Hebu fikiri mara ngapi unapepesa kwa saa moja. Kioo hicho huchubuka, huingia uchafu, hufanya ukungu mweupe, na ukungu huo haufutiki. Nywele tatu au nne zinatosha kumnyima mtu jua. Wanaopatwa zaidi ni wanawake, karibu mara mbili ya wanaume na mahali pengine kupita hapo, kwa kuwa wao ndio wanaolala na watoto, kuwabeba na kuwapangusa.

Bibi mmoja aliyenipokea kwa salamu ya "Mbukwenyi" na kunikaribisha kigoda chini ya mkwaju alinionyesha kibano chake. Kilikuwa cha bati, kimefuliwa na fundi wa kijijini, kimefungwa kwenye pindo la khanga pamoja na ufunguo. Mjukuu wake humng'oa kope kila baada ya wiki mbili au tatu. Kwa siku chache hupata nafuu, kisha zinaota upya, fupi na ngumu, nazo fupi, alisema, zinachoma kuliko ndefu. Jikoni hawezi kukaa kwa moshi. Barabarani hawezi kutembea mchana kwa mwanga. Kuchambua mtama ameacha, kwa kuwa haoni kokoto.

Dawa ya hali hiyo ni kisu, na hapo ndipo wengi wanapositasita. Upasuaji wenyewe si wa kutisha. Mara nyingi hufanywa na muuguzi wa macho aliyefundishwa kazi hiyo, katika kituo cha afya cha kawaida, na wakati wa kampeni hufanywa bila malipo. Kope huchomwa sindano ya ganzi. Mpasuaji hukata mstari sambamba na pindo, kiasi cha milimita tatu juu ya mahali nywele zinapoota, huligeuza pindo zima kuelekea nje, kisha hulishona likiwa limekaa hivyo. Hazipandikizwi nywele wala hazing'olewi: zile zile za zamani hurudishwa kuelekea zilikoumbwa kuelekea. Kazi yote ni ya nusu saa hivi kwa jicho moja.

Lakini sikiliza swali la bibi yule. Hakuuliza kama itauma. Aliuliza, "Mjukuu wangu, nitafanana na nani?" Alikuwa amemwona jirani yake akirudi na kope yenye pengo katikati, kana kwamba imenyanyuliwa kwa ndoana, na tangu hapo watoto wa mtaani walimwogopa.

Wapo watakaosema kwamba kizee anayekaribia kupofuka hana haki ya kuchagua sura. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, na nashukuru kwamba wataalamu pia hawakubaliani. Wameweka hata madaraja ya kupima umbo la kope baada ya upasuaji, kutoka hitilafu ndogo isiyoonekana kwa mbali hadi ile kubwa. Uzi mmoja ukivutwa zaidi ya wenziwe, pindo hufanya kishimo. Ukigeuza kupita kiasi, jicho halifungi vizuri usiku na hukauka. Ukigeuza kidogo mno, au ukiacha kukata mpaka pembeni, zile za pembeni zitarudi ndani baada ya miezi. Mpasuaji mwema, kabla ya kufunga fundo la mwisho, huurudisha uso nyuma kidogo na kuutazama mpindo wa kope yote, kutoka pembe ya pua hadi pembe ya sikio, kama mshonaji anavyotazama ukosi wa gauni. Ni jicho lile lile analohitaji fundi wa Istanbul achoraye mstari wa paji.

Na hata kazi ikifanywa vizuri, kovu la zamani halilali. Kwa wagonjwa kadhaa nywele hurudi kugeuka, na ndiyo sababu mgonjwa hutakiwa aonekane tena baada ya miezi mitatu hadi sita. Utafiti uliofanywa nchini Ethiopia na kutangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kumpa mgonjwa dozi moja ya azithromaisini baada ya kupasuliwa hupunguza kurudi huko.

Dawa hiyo hiyo ndiyo inayogawiwa vijijini kuwakinga wadogo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipokea kwa msaada mwishoni mwa miaka ya 1990, na wagawaji hutembea na fimbo ya kupimia kimo, kwani dozi hupimwa kwa urefu wa mtu na si kwa mizani. Kongwa yenyewe iliifundisha dunia somo la maji. Akina mama walikuwa wakisema, na kwa haki, kwamba maji yaliyobebwa kutoka mbali hayawezi kumwagwa kwa nyuso. Wakaonyeshwa kwamba kikombe kimoja, kikimiminwa kidogo kidogo, husafisha nyuso za watoto kadhaa. Mwaka 1995 matokeo ya majaribio ya vijiji sita vya hapa yalichapishwa: palipokuwa na dawa pamoja na kampeni ya kunawa uso, trakoma kali ilipungua kuliko palipokuwa na dawa peke yake. Tangu wakati ule ugonjwa umerudi nyuma sana. Jirani zetu wa Malawi walithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kuwa wameutokomeza kama tatizo la afya ya jamii. Ila wazee waliougua walipokuwa watoto wamekwisha kuyabeba makovu yao, na hayo hayatibiki kwa kunawa.

Nawe unayesoma hapa ukinywa chai ya Jumapili, huenda mama yako yuko Hogoro, au Mlali, au Mkoka, na barua zake zinasema tu kwamba "macho yanasumbua". Ukienda likizo mtazame akiwa juani. Kama anafinya jicho na machozi yanamtiririka bila kilio, uliza habari za kibano. Kisha uliza nani atachota maji na nani atapika kwa wiki hizo mbili za kupona, kwa kuwa mara nyingi hilo ndilo linalomzuia, wala si woga. Nauli ya mtu mmoja wa kumsindikiza ni sehemu ndogo sana ya gharama walizokuwa wakizihesabu wale vijana wa basini.

Bibi wa mkwajuni alikubali. Asubuhi iliyofuata, kituoni, muuguzi alimwondolea bandeji polepole, akamwambia tazama chini, tazama juu, fumba taratibu usikaze. Kope ilikuwa imevimba na kuiva kama zambarau, nyuzi nyeusi zikionekana juu ya pindo. "Uvimbe utashuka," muuguzi alisema, "mpindo umekaa vizuri." Bibi aliomba kioo. Hapakuwa na kioo, ila mjukuu wake alikuwa na simu, akampiga picha na kumpa. Aliitazama kwa muda mrefu, ameishika mbali na uso.

"Limevimba," alisema, "lakini ni langu."

Tyubu ya marhamu alikabidhiwa mjukuu, msichana wa darasa la sita, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kuhesabu siku: asubuhi na jioni, usilisugue, usilitie maji ya lambo. Nyuzi zingetolewa Jumanne ya wiki iliyofuata.