Jani la Mtama Ndani ya Chupa

Hadi leo sufuria ya presha ikifoka jikoni, moyo hunirudi Morogoro, miaka ya 1980, kwenye kichumba kilichonuka spiriti na jiki, dirisha likiitazama milima ya Uluguru. Mimina chai nikusimulie. Presha yetu ilipika chakula cha mimea: sukari gramu 30 kwa lita, agari, na chumvi za fomula ya Murashige na Skoog ya mwaka 1962. Nyuzi 121, dakika 15, inapiga mluzi kama treni ya Reli ya Kati.

Tulikuwa tunaotesha mtama kutoka kwenye jani. Tumbaku hailingi, kata kipande cha jani, kitaota. Mtama hautaki hivyo. Unaumenya mche kama kitunguu, jani baada ya jani, hadi ulifikie lile changa lililojiviringa katikati, jeupe, laini kama utando wa yai. Milimita chache za chini, pale jani linapoanzia, ndizo zinazokubali. Juu yake kidogo tu, jani limeshakomaa, na hakuna homoni ya kulirudisha utotoni.

Homoni yetu ilikuwa 2,4-D, dawa ileile ya kuulia magugu. Lakini miligramu 2 tu kwa lita, na kipande kinavimba kuwa bonge. Bonge la majimaji tulilitupa. Tulilolisubiri lilikuwa gumu, jeupe, lenye chembechembe kama nazi iliyokunwa. Hilo ukilihamishia chupa isiyo na 2,4-D, ukaliweka mwangani, linachipua. Lakini uwahi! Mtama ukikatwa hutoa rangi ya zambarau, na ukichelewa kuuhamisha, hufa kwa machozi yake wenyewe.

Homoni za kuagiza zilipoisha, tulitia maji ya dafu. Mwanasayansi Van Overbeek alishaonyesha mwaka 1941 kwamba yanalea viinitete vya mimea.

"Mwanangu, madafu yote haya, nani anaumwa?" mzee wa sokoni aliniuliza.

"Shikamoo baba. Hakuna mgonjwa, tunanywesha majani."

Alicheka mpaka akaweka panga chini. Tangu siku hiyo alinichagulia mwenyewe: "Haya, ya majani yako."

Siku hizi chakula huja kimeshapimwa kwenye pakiti, na wengi huanzia kwenye kiinitete cha punje changa, maana ndicho chepesi zaidi. Kichumba chetu kimekuwa stoo ya viti. Mche wetu wa kwanza tuliupanda kwenye kopo la maziwa, nje ya dirisha. Ulitoa suke zuri, jekundu. Ndege walilimaliza asubuhi moja.