Lugha ya Wasemaji Wawili

Katika semina moja ya muhula uliopita, mjadala wetu ulihusu lugha za kuundwa, yaani zile ambazo hazikurithiwa kutoka kwa wazazi bali zilitungwa kwa makusudi na mtu mmoja au kikundi cha watu. Zilitajwa zile ambazo aghalabu hutajwa: Kiesperanto, alichokichapisha tabibu wa macho L. L. Zamenhof mjini Warsaw mwaka 1887, na Kiklingoni cha filamu za Marekani, kilichotungwa na mwanaisimu Marc Okrand miaka ya 1980. Mwenzetu mmoja alisema kwamba huo wote ni mchezo wa watu waliokosa kazi. Mwingine akamjibu kwa ukali kwamba, ikiwa ni hivyo, basi sote tuliomo ukumbini ni watoto wa mchezo huohuo, maadamu Kiswahili sanifu nacho kilipangwa mezani na kamati. Ukumbi ukalipuka. Mimi nilikaa kimya. Si kwamba sikuwa na la kusema; nilikuwa nalo, ila lilinikwama kooni. Mimi ni msemaji wa lugha ya kuundwa, na msemaji mwenzangu wa pekee alikufa mwaka 2016.

Lugha hiyo iliitwa Kighalu. Ilizaliwa Mutuini, upande wa magharibi wa Nairobi, katika nyumba ya vyumba viwili tuliyoishi na wazazi wetu, dada yetu na Shosho, nyanya yetu mzaa baba. Baba alikuwa akifanya kazi katika machinjio ya Dagoretti, na huko alijifunza kununua kwa Kiswahili cha Wamaasai, kuuza kwa Kiswahili cha Wasomali na kugombana kwa Kikuyu. Alikuwa na masikio makali. Mimi na kaka yangu, aliyenizidi miaka miwili, tulihitaji lugha ambayo masikio hayo yasingeifungua.

Tulianza pale ambapo watoto wengi wa Kiafrika Mashariki huanzia. Tulichukua silabi ya mwisho ya neno na kuipeleka mwanzoni. Maji yakawa jima, sukari ikawa risuka, kitabu kikawa bukita, na lugha yenyewe ikawa ghalu. Wakati huo tulidhani kwamba tumegundua jambo ambalo halikuwahi kuonekana chini ya jua. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, ndipo nilipojua kwamba watu wa pwani wana mchezo huo tangu kale, wanauita kinyume, na kwamba Edward Steere aliutolea mifano katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870. Vijana wa Sheng' nao hugeuza silabi vivyo hivyo hadi leo. Nakiri kwamba nilipousoma ukurasa ule wa Steere nilihisi wivu kidogo, kama mtu aliyekuta shamba lake limo katika hati ya jirani.

Kinyume kina udhaifu mmoja ambao sijaona ukijadiliwa, na sisi tuliugundua siku ya kwanza. Geuza neno baba. Geuza mama. Geuza kaka, dada, nyanya. Yote yanarudi kama yalivyokwenda, kwa kuwa ni silabi moja iliyorudiwa. Hata shosho ni shosho. Tungeweza kuficha sukari na nyama, lakini watu wa nyumbani hatukuweza kuwaficha. Babu peke yake ndiye aliyegeuka akawa buba, naye tulikuwa hatukumjua. Alikufa mwaka 1983, kabla hatujazaliwa.

Wiki mbili hazikupita kabla watoto wa shuleni hawajainasa siri yetu. Ndipo kaka yangu, akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, alipoamua kwamba kugeuza silabi hakutoshi. Alinunua daftari la kurasa 48 na kuandika juu yake, kwa herufi kubwa, KANUNI. Aliongeza ngeli mpya, ambayo leo ningeiita ngeli ya siri: kila kitu kilichopaswa kufichwa kilipewa kiambishi vu-. Risuka ya mezani ilikuwa risuka tu, ila ile tuliyoinyakua kabatini ilikuwa vurisuka. Sifa ya kitu haikuwa umbo wala uhai wake, bali hatia yetu juu yake. Nimesoma tangu hapo uainishaji mwingi wa ngeli za Kibantu, na bado naona kwamba kaka yangu aliielewa kazi ya ngeli kuliko nilivyoielewa mimi hadi mwaka wa pili chuoni.

Nisidhaniwe kwamba namkweza kwa sababu ni marehemu. Watoto wa namna hii wapo kila mahali. J. R. R. Tolkien, mwandishi wa riwaya na profesa wa Oxford, alitoa mhadhara mwaka 1931 kuhusu uraibu wake wa kutunga lugha, akasimulia humo jinsi alivyoanza utotoni kwa kuiga lugha ya siri iliyobuniwa na binamu zake wawili wa kike. Lugha zake kubwa zilifuata baadaye. Binamu waliacha mchezo walipokua, kama ilivyo desturi.

Kanuni ya tatu katika daftari ndiyo iliyonifanya nikose la kusema semina ile. Kaka yangu alikuwa ametambua kwamba Kikuyu cha Shosho kinagawanya wakati uliopita kwa namna ambayo Kiswahili cha shuleni hakifanyi. Katika Kikuyu, ukisema nĩarathiire, umesema kwamba mtu alikwenda, na kwamba jambo hilo ni la jana au la karibuni. Ukisema nĩathiire, ukaondoa hiyo -ra-, alikwenda zamani. Yaliyotokea leo yana maumbo yake pia. Kiswahili kinayakusanya yote katika -li-, halafu kinakuachia uongeze jana, juzi au zamani ukipenda. Kaka yangu aliona kwamba huo ni upungufu, akaitwaa -ra- ya Shosho na kuipachika katika Kighalu: nirasoma kwa ya jana, nilisoma kwa ya kale.

Jambo hili lingeweza kuonekana kama kioja mbele ya mwanasarufi wa Ulaya wa zamani, ilhali kwetu ni la kawaida. Waganda na Wahaya nao hutenga yaliyopita karibu na yaliyopita mbali. Kiyagua cha nchini Peru kinayagawa yaliyopita katika ngazi 5, kuanzia saa chache hadi enzi za mababu. Kinyume chake, Zamenhof, aliyekuwa huru kuchagua chochote duniani, alitosheka na -is moja kwa mambo yote yaliyopita. Naye Okrand, alipotaka Kiklingoni kisikike kigeni kabisa, alimtanguliza mtendwa na kumweka mtenda mwishoni, mpangilio ambao wapo watu wa misitu ya Brazili, wasemaji wa Kihixkaryana, wanaoutumia kuulizia chakula. Ugeni wa lugha hutegemea mtu ameketi upande gani wa moto.

Tatizo lilikuwa mpaka. Jana inaishia wapi? Tulibishana jioni nzima. Mwishowe kaka yangu aliandika uamuzi wake, na ninao mbele yangu ninapoandika insha hii: tumia -ra- kama bado unakumbuka mtu alikuwa amevaa nini.

Kaka yangu aliugua kwa muda mfupi na kufa mwaka 2016, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Miaka mitano baadaye, wakwe watarajiwa wa dada yangu walikuja Mutuini kutoka Kwale. Ukutani kulikuwa na picha mbili, ya babu na ya kaka. Mama mkwe, kwa heshima na upole wa watu wa pwani, aliuliza ni akina nani hao. Shosho akajibu kwa Kikuyu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nasomea Kiswahili, niliteuliwa kutafsiri. Juu ya babu alisema: nĩakuire. Nikatafsiri: alikufa. Juu ya mjukuu wake alisema: nĩarakuire. Nikatafsiri: alikufa.

Mama mkwe alisema pole, na mazungumzo yakaendelea. Shosho hasemi Kiswahili kwa ufasaha ila anakisikia. Wageni walipotoka kwenda kutazama ng'ombe, alinigeukia na kusema kwa lugha yake: "Mbona umewaweka pamoja?"

Sikuwa na jibu. Kwa mujibu wa sarufi, nilikuwa nimetafsiri sawasawa. Kwa mujibu wa kalenda, Shosho ndiye aliyekosea, kwa kuwa miaka mitano si jana. Hata hivyo, sote wawili tulijua ni nani aliyekosea.

Wapo watakaosema, kama alivyosema mhadhiri wangu mmoja nilipomsimulia kisa hiki bila kumtajia kwamba ni changu, kuwa Kiswahili hakikosi chochote, kwani ningeweza kusema "alikufa zamani" na "alikufa majuzi". Ni kweli. Lakini ningetaka, nisingetaka, hilo ni hiari yangu. Roman Jakobson alieleza mwaka 1959 kwamba tofauti kubwa baina ya lugha imo katika yale ambayo zinamlazimisha msemaji kuyasema, si katika yale ambayo zinamruhusu. Kiswahili kiliniruhusu kunyamaza juu ya umbali wa msiba ule, nami nikanyamaza. Kikuyu hakimpi Shosho ruhusa hiyo. Kila akimtaja marehemu hana budi kupima.

Turudi kwenye ile kamati iliyozua zogo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi, katibu wake akiwa Frederick Johnson. Katika miaka yake ya mwanzo haikuwa na mjumbe hata mmoja Mwafrika. Hata hivyo, sikubaliani na mwenzangu aliyekiita Kiswahili sanifu lugha ya kuundwa. Kamati ilisanifisha tahajia, ikapitisha vitabu, ikachagua baina ya maneno yaliyokuwepo. -Li- na -me- haikuzitunga, ilizikuta vinywani mwa watu wa Unguja. Wala haikuwa wajibu wa Waunguja kuihifadhi -ra- ya Mutuini. Jambo ninaloliona ni dogo zaidi, na pengine ndiyo sababu linaniuma: wengi wetu wa bara tuliingia katika Kiswahili kwa mlango wa shule, tukaviacha mlangoni vitu ambavyo hakuna aliyetuagiza kuviacha. Kaka yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja alipokiona kimoja na kukiingiza kwa dirishani.

Vingine vilipita vyenyewe. Riwaya ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Kikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, ilipoingia katika Kiswahili mwaka 1982 iliitwa Shetani Msalabani, na hiyo -inĩ ikapata pacha wake -ni bila taabu. Ndiyo hiyohiyo iliyo mwishoni mwa jina la mtaa wetu. Nimewahi kukaa na tafsiri hiyo na kuisoma sambamba na matini ya awali, nikitafuta kila mahali ambapo nyakati mbili zilitiwa katika -li- moja. Niliacha baada ya sura mbili. Mfasiri hakuwa na kosa, nami sikuwa natafuta mambo ya fasihi.

Baada ya semina nilikwenda nyumbani nikalitoa daftari. Kurasa thelathini zimejaa maneno, nami nakumbuka takriban nusu. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa una sentensi ndefu kwa mwandiko wa kaka yangu, yenye vu- nne, ambayo siwezi kuifumbua. Nimejaribu kugeuza silabi kila upande. Yaelekea alikuwa ameongeza kanuni ya nne na hakuwahi kuniambia.

Shosho aliniuliza ni nini nasoma. Nikamsomea kanuni ya tatu, nikamfasiria kwa Kikuyu, neno kwa neno. Alikuwa akichambua maharagwe, na mikono yake haikusita. Alipofika mwisho wa ungo alisema kwamba alikuwa amevaa sweta yangu, ile ya rangi ya damu ya mzee, na kwamba kifungo cha juu hakikuwepo.