Vyuma vya Shangazi

Shangazi huvua vyuma vyake vya miguu baada ya swala ya Isha. Hufungua mikanda ya ngozi mmoja mmoja, akavitoa pamoja na viatu vyake vizito, kisha akaviegemeza ukutani karibu na kitanda, mahali ambapo wengine huegemeza jembe. Nilipokuwa mdogo, nikija kwake Korogwe wakati wa likizo, nilidhani kila shangazi duniani ana vyuma.

Shangazi ni Mzigua wa Handeni, Mwislamu, binti wa mwalimu wa madrasa. Aliyemfundisha kusimama ni mtawa wa Kianglikana kutoka Uingereza. Nyumbani kwetu jambo hili lilisemwa kama habari za mvua, bila mshangao. Mimi ndiye nilianza kulishangaa nilipofika chuo kikuu.

Alikuwa na miaka mitatu alipopata homa. Homa iliposhuka, miguu haikuamka naye. Wapo waliosema ni jini, wapo waliosema ni kijicho. Ilikuwa polio. Kirusi chake husafiri kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Wengi wanaoambukizwa hawaoni chochote, lakini takriban mmoja kati ya 200 hupooza. Chanjo ya kwanza ilikuwa imepatikana tangu 1955, ila mpango wa taifa wa kuchanja watoto Tanzania ulianza 1975. Shangazi hukataa mtu akisema kwamba yeye alichelewa kuchanjwa. "Mimi sikuchelewa," husema. "Chanjo ndiyo iliyochelewa."

Babu alisikia kwamba Kwamkono, huko huko Handeni, masista wana nyumba ya watoto waliopooza. Majirani wakamwonya: watambatiza huyo. Babu akajibu kwamba mtoto akiweza kutembea, ataweza pia kutembea kwenda msikitini. Akamweka mgongoni, wakaenda.

Masista wale walikuwa wa Jumuiya ya Mateso Matakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1911 na Frank Weston, Askofu wa Zanzibar. Weston ndiye aliyeandika kijitabu mwaka 1920 kuishutumu Uingereza kwa kazi za kulazimishwa Afrika Mashariki, na mwaka 1923 akawaambia Waanglikana wenzake London kwamba hawawezi kumwabudu Yesu altareni huku wakimpuuza katika vibanda vya maskini. Yeye alifariki mwaka uliofuata, huko Hegongo, Magila. Wanawake wa jumuiya yake ndio waliobaki na kazi ya kila siku: kuzalisha, kufunga vidonda, kufundisha wasichana, Magila, Korogwe, Handeni na kusini hadi Masasi. Waliweka nadhiri za ufukara, useja na utii. Wengi wao waliishi hapa miaka mingi, na wapo waliozikwa hapa.

Chuoni nilifundishwa kuwatazama watu hawa kwa jicho la pembeni, na sijutii. Misheni ilikuja na mambo mengi ndani ya sanduku moja: dawa na bendera, alfabeti na dharau. Siku moja nilimwuliza shangazi kama hakuona kwamba wema ule ulikuwa na bei. Alikuwa anachambua mchele.

"Alikuwa mkali," alisema. "Ukianguka hakuinui. Anasimama pale, mikono nyuma, anakungoja. Mimi nilimchukia."

"Mlikuwa mnalazimishwa kusali?"

"Wao walisali. Kengele yao ililia alfajiri, nikajua na kwetu baba anaamka. Mimi nilisoma sura nilizozijua, hakuna aliyenikataza." Akapepeta ungo. "Lakini mwanangu, unauliza habari za Mzungu tu. Aliyenibeba kwenda chooni usiku hakuwa Mzungu."

Alikuwa sista kijana, Mmakua wa Masasi, ambaye kwanza alimcheka shangazi kwa Kiswahili chake cha Kizigua, kisha akamfundisha kusuka ukili. Ni wa jumuiya ya masista Waafrika, Chama cha Mariamu Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1946 kwa malezi ya wale Waingereza. Katika vitabu nilivyosoma, hawa wa pili hupewa aya moja, mara nyingi bila majina. Shangazi hana aya, ana mgongo anaoukumbuka: joto lake, harufu ya sabuni ya mche, na jinsi ulivyoinama polepole ili asianguke.

Mwaka 1991 jumuiya ya Waingereza ilijiondoa Tanzania. Masista walikuwa wamezeeka, na vijana wa kuwarithi Uingereza walikuwa wachache. Walioachiwa kazi walikuwa hao waliokuwa wakibeba watoto usiku.

Nayasimulia haya kwa sababu mwaka jana na mimi niliondoka. Nilifanya kazi miezi 18 katika mradi wa watoto wenye ulemavu, katika vijiji vya Handeni. Polio siyo tena adui mkuu: Tanzania haijapata mgonjwa wa polio ya asili tangu 1996, ingawa mwaka 2022 kirusi kilipoonekana Malawi watoto wetu walipewa matone upya. Watoto niliowatembelea wengi wana mtindio wa ubongo. Tulipima, tulipiga picha, tuliandika ripoti. Kisha fedha zikaisha, na barua ya shirika ikasema mradi umefikia tamati kwa mafanikio. Mama mmoja aliniuliza nitarudi lini kumnyoosha binti yake mkono. Nilimwambia, "Tutaangalia." Nilijua maana yake, na nadhani naye alijua.

Nilipopata kazi nyingine Dar es Salaam nilipitia Korogwe kumwaga shangazi. Nilitaka, nikiri, aniambie kwamba sikosei. Kwamba hata masista waliondoka.

"Waliondoka, ndiyo," alisema. "Baada ya kumfundisha mtu."

Sikuwa na jibu. Sina imani ya masista wale. Siwezi kuamka alfajiri na kukuta katika sala sababu ya kubaki mahali miaka 30. Sala ya babu nayo naitimiza kwa kusuasua. Lakini nimeacha kudhani kwamba imani yao ilikuwa pambo tu juu ya kazi. Ndiyo iliyowawezesha kusimama mikono nyuma na kumngoja mtoto aliyeanguka, kesho na kesho kutwa, bila tarehe ya tamati. Mradi wetu haukuwa na muda wa kumngoja mtu.

Asubuhi nilimsaidia kufunga mikanda. "Kaza kidogo," alisema. "Hapo. Usiniumize." Akashika magongo, akanyanyuka, akatoka kwenda kuuza vitumbua vyake.

Sikuikataa kazi ya Dar. Ila sikupanda basi siku ile. Nilichukua gari la Handeni, kilomita 65 za lami, kisha bodaboda hadi kwa yule mama. Binti alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya mwembe. Alikuwa na bibi yake na kaka yake wa darasa la sita. Nilikaa siku tatu. Nilimwonyesha mama, bibi na kaka jinsi ya kunyoosha mkono ule bila kuulazimisha, hadi kila mmoja akaweza bila mimi kusema neno. Kaka ndiye alikuwa mwepesi zaidi. Alihesabu hadi 20 kwa sauti, na dada yake akacheka kila alipofika kumi na tisa.

Siku ya kuondoka, mama hakuniuliza nitarudi lini. Alinipa mahindi ya kuchoma, nikala njiani.