Amana iliyopotea kwa kutojua neno moja



Ndugu wasomaji, huu ni mwaka wa tano nikiwa katibu wa kamati ya msikiti wetu hapa Tanga. Kazi yangu ni ya kalamu: mihutasari ya vikao, barua, orodha ya watoto wa madrasa na, lililo zito kuliko yote, hesabu za mfuko wa maziko. Kila kaya huuchangia mfuko huo kila mwezi, ili likitokea la kutokea, sanda na usafiri vipatikane, na mjane apate matumizi katika miezi minne na siku kumi za eda yake bila kuombaomba. Leo naandika juu ya kosa nililolitenda katika kazi hiyo. Naliandika kwa kuwa naona wenzangu wengi wanaikaribia njia ile ile bila kujua.

Miaka miwili iliyopita muumini mmoja alitupatia kompyuta iliyokwisha kutumika. Mzee wetu mtunza hazina, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiandika michango katika daftari la jalada gumu, aliitazama kisha akaniuliza, “Mwanangu, chombo hiki unakijua?”

“Nakijua, Mzee,” nikajibu.

Sikuwa nakijua. Nilijua kukiwasha na kuandika, basi. Chuoni nilisoma nahau, fiqhi na mirathi, nami nimezoea kuitwa Maalim. Mtu akishazoea jina hilo huona haya kuuliza maana ya neno ambalo kijana wa kidato cha pili analijua. Mzee akanikabidhi daftari lake, nikaingiza majina yote. Mwanzoni niliendelea kutoa stakabadhi. Baadaye nikaona ni kazi maradufu, nikaacha. Kwa miezi minne nikawa napokea fedha na kuandika katika kompyuta peke yake.

Mwezi wa Shaaban mwaka jana kompyuta ikawa nzito mno. Fundi akaja, akasema itabidi afute kila kitu na kuweka programu upya. “Maalim, umechukua bekapu?” akaniuliza. Nikamwomba anipe nafasi. Nikachomeka flashi, nikaburuta humo ile picha ndogo iliyokuwa kwenye kioo, iliyoandikwa ‘Mfuko wa Maziko’. Kufumba na kufumbua ikawa imeingia. Nilifurahi kwa wepesi ule. Nikamwambia fundi, “Tayari.”

Iliporudi, nilichomeka flashi na kuibofya picha ile. Kompyuta ikanijibu kwamba kitu kinachoelekezwa hapo hakionekani. Nikabofya tena, nikabofya tena. Nilimpelekea fundi mwingine, akahangaika siku nzima, asipate kitu cha maana.

Wiki mbili baada ya Idi, jirani yetu mmoja akafariki. Tulimzika, na siku chache baadaye mjane wake akatuma mtu kuniita. Alizungumza nami akiwa nyuma ya pazia: “Maalim, marehemu alikuwa akilipa. Naomba uniangalizie kitabuni.”

Kwa kanuni zetu, kaya iliyolimbikiza zaidi ya miezi mitatu hugharimiwa maziko tu, haipati matumizi ya eda. Vishina vya stakabadhi vilionyesha kuwa marehemu alilipa bila kukosa hadi nilipoacha kuandika stakabadhi. Miezi minne iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kuamua, nayo ndiyo iliyopotea. Nilijitahidi kukumbuka kama nilipokea mkononi mwake. Sikukumbuka, na kutoa ushahidi wa jambo nisilolikumbuka sikuweza.

Kamati ilikaa usiku ule. Mmoja akasema tusimpe, maana hatuna uhakika. Mzee mtunza hazina akauliza kwa upole, “Katika fiqhi, ushahidi ni juu ya nani?” Nikajibu kuwa ni juu ya anayedai. “Basi tukisema marehemu ana deni, wadai ni sisi. Ushahidi wetu uko wapi?” Hakuna aliyejibu. Mjane akapewa haki yake kamili. Lakini kwa hukumu hiyo hiyo tulilazimika kuwahesabu wote kuwa wamelipa miezi ile minne, waliolipa na wasiolipa. Siku ya Ijumaa nilisimama baada ya sala, nikawaeleza watu kilichotokea. Wengi walinisamehe. Wachache walitazamana, nami sikuwalaumu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Nilikuwa nimeihifadhi tangu utotoni.

Baada ya hapo niliazimia kujifunza. Nilijiandikisha darasa la jioni, nikakaa benchi moja na vijana waliomaliza shule, nikauliza kila neno. Haya ndiyo niliyojifunza, nami nayaeleza kwa namna nilivyoyaelewa.

Kompyuta ni chombo cha kuhesabu; Waarabu huiita hasub, kutoka shina moja na neno letu hesabu. Sehemu zake unazoweza kuzishika, kama kioo, kibodi na kipanya, huitwa maunzi. Maagizo yanayoviendesha vitu hivyo huitwa programu. Programu kubwa inayosimamia nyingine zote ni mfumo endeshi. Huo ndio fundi aliouweka upya.

Ndani yake mna kumbukumbu za aina mbili, na hapa ndipo wengi tunapochanganya. Ya kwanza ni kumbukumbu ya muda. Ni kama ubao wa madrasa: mwalimu huandika, watoto husoma, kisha hufutwa. Unachokiandika bila kukihifadhi kimo katika ubao huo, na umeme ukikatika hutoweka. Ya pili ni diski kuu, ambayo ni kama kabati. Ukibofya neno ‘hifadhi’, maandishi hutoka ubaoni na kuingia kabatini, yakabaki humo hata umeme ukizimwa.

Kilichomo kabatini kina majina yake. Faili ni waraka mmoja wenye jina lake, na folda ni jalada la kukusanyia mafaili. Zile picha ndogo kwenye kioo huitwa aikoni. Sasa lipo neno moja ambalo lau ningelijua, nisingesimama mbele ya watu kwa aibu: njia ya mkato. Baadhi ya aikoni si faili. Ni kielekezi tu cha mahali faili lilipo. Katika kompyuta nyingi utaitambua kwa mshale mdogo pembeni mwake. Ni kama kibao cha barabarani kinachoonyesha msikiti ulipo. Mimi niling’oa kibao nikakitia mfukoni, nikidhani nimebeba msikiti. Msikiti ulipobomolewa, kibao kikabaki kikielekeza kiwanja kitupu.

Ukubwa wake nao ungeweza kunizindua. Kompyuta huandika kila kitu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Tarakimu moja huitwa biti, na biti 8 hufanya baiti 1, inayotosha kuandika herufi moja ya alfabeti yetu. Kwa hesabu ya kumbukumbu ya kompyuta, baiti 1,024 ni kilobaiti, na kilobaiti 1,024 ni megabaiti. Aikoni niliyoichukua ilikuwa na kilobaiti chache. Michango ya kaya zote kwa miaka mingi ingeenea vipi katika kilobaiti chache? Jibu lilikuwa machoni pangu, ila sikujua kulisoma.

Yako maneno mengine matatu ya kutofautisha. Kunakili ni kufanya faili la pili huku la kwanza likibaki mahali pake. Kuhamisha ni kuliondoa hapa na kulipeleka kule, likabaki moja. Kufuta mara nyingi hulitia kwanza katika pipa la taka, ambamo unaweza kulirudisha. Ukishalimwaga pipa, kulipata ni kwa bahati na kwa ufundi mkubwa.

Nilipokuwa nikijifunza haya, haya yangu yalipungua kwa sababu moja zaidi. Mwalimu alitufundisha neno algoritimu, yaani mpango wa hatua kwa hatua ambao kompyuta huufuata kutatua jambo. Neno hilo limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, zama za Khalifa al-Ma’mun. Kitabu chake cha aljebra kina sehemu kubwa inayogawa mirathi na wasia. Mirathi niliisoma miaka mingi, na kumbe hesabu zile zina ujamaa na chombo nilichokuwa nakiogopa.

Jambo la mwisho sikulipata katika darasa la kompyuta. Nililipata kwa kukumbuka masomo yangu ya zamani. Wanakili wa vitabu vya hadithi hawakuiamini nakala mpaka wailinganishe na asili yake, mmoja akisoma na mwingine akifuatiliza. Kazi hiyo waliiita muqabala. Mimi nilichukua nakala, sikuifungua, sikuilinganisha. Nakala isiyofunguliwa haijawa nakala bado.

Sasa stakabadhi zimerudi, na daftari la jalada gumu limerudi mezani. Kila Ijumaa baada ya Alasiri, mimi na Mzee tunakaa ofisini. Yeye anasoma daftari, mimi nafuatiliza kwenye kioo. Kisha nanakili faili katika flashi mbili: moja inabaki msikitini, nyingine inalala kwa Mzee. Naziondoa, nazichomeka tena, nazifungua mbele yake. Wiki ya kwanza alivaa miwani, akasogea karibu na kioo, akauliza, “Huo mshale haupo?” Haupo, nikamwambia. “Nionyeshe na ukubwa wake.”

Enyi wazazi wenzangu, katika simu na kompyuta za majumbani mwetu zimo picha za waliotutangulia, vyeti vya watoto, hati za viwanja na kumbukumbu za madeni. Mwulizeni kijana wenu leo faili liko wapi na nakala yake iko wapi, kisha ifungueni mkiwa pamoja. Msione haya kwa kuwa yeye ni mdogo. Mimi niliona haya, na gharama yake ikalipwa na mfuko wa maziko.

Wabillahi tawfiq.